Sugu za Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 7 Juni

Sketi kumi na nne za shule, zipu zote zimekaa. Mgongo sina. Mjomba Shabani kapiga simu kutoka Mgeta wakati nabana ya mwisho. Nitapanda lini kuchukua gitaa? Nimesema kazi nyingi. Ni kweli, lakini siyo sababu.

Gitaa ni lile alilopigia kwenye bendi za dansi kabla sijazaliwa. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kitu cha mjomba humshukia mpwa. Wanawe wana wajomba wao. Mimi ndiye mtoto pekee wa dada yake, basi ni langu. Sikukuu ya Idi nililijaribu. Shingo imepinda, nyuzi ziko juu kama kamba ya kuanikia nguo. Vidole viliuma hadi machozi. Miaka thelathini na sita, nataka kitu kimoja cha kujifurahisha, halafu nianze na adhabu. Sitaki. Nataka jipya.

Jumanne, 10 Juni

Nimefanya jambo baya, tena kwa sauti tamu. Nimempigia mjomba kumuuliza mtu anayeanza anachaguaje gitaa. Nikasema ni la mwenzangu wa hapa tunaposhona.

Alifurahi mno. Macho yake siku hizi hayaoni sawasawa, ila maelezo bado anayo. Atazame shingo kwa jicho moja, kama seremala anavyokagua ubao. Alipakate akiwa amekaa, mkono uzunguke bila kunyanyua bega. Abonyeze kila uzi kila mahali, asikilize kama unakwaruza. Rangi asiitazame kabisa. Nimeandika yote nyuma ya karatasi ya vipimo. Mwisho akauliza, "Kwani huyo mwenzio hana mjomba wa kumpa? Masikini."

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua. Duka moja upande wa Msamvu. Muuzaji alinisukumia jeusi linalong'aa. Nikafumba jicho moja: shingo imepinda. La pili kubwa, bega likapanda. La tatu dogo, rangi ya mbao tu, shingo imenyooka. Akasema anayeanza achukue nyuzi za nailoni, ni laini. Nikataka za chuma. Ndiyo sauti niliyokua nikiisikia kwa mjomba.

Akauliza nani kanifundisha kukagua. Nikasema nimesoma mtandaoni. Uongo wa pili, na huu hata haukuwa na kazi.

Jumapili, 29 Juni

Mishiko mitatu ya nyuzi sasa naiweza. Vidole vilichubuka, vikavimba, leo vina sugu. Nina furaha na najichukia, vyote kabla ya chai.

Mjomba kapiga tena. Nimemwambia nimeachana na wazo la gitaa. Nyuzi zake ziko juu, siziwezi. Nilidhani yataishia hapo. Akasema, "Basi mama, nimesikia."

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja mwenyewe, bila kusema. Kiroba cha karoti mkono mmoja, gitaa limefungwa kwenye shuka mkono wa pili. Kumbe alilipeleka kwa seremala wa kule. Shingo imenyooshwa. Kile kifupa kinachobeba nyuzi kimepigwa msasa hadi nyuzi zimelala chini kabisa. "Sasa unaliweza," akasema.

Akajaribu kulipiga anionyeshe. Mkono wake ni mzito, amezoea kukandamiza. Kila uzi ukawa unagonga vyuma vya shingo, linakwaruza tupu. Kwake limeharibika. Akacheka, akasema yeye amezeeka, hana nalo kazi tena. Jipya lilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kiti chake.

Akasema, "Lete mkono wa kushoto nikupangie vidole." Nikampa bila kufikiri. Alipitisha dole gumba lake kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Taratibu.

Nikasema, "Ni sindano, mjomba."

"Sindano unashikia mkono wa kulia, mama."

Akanywa chai, akasifu maandazi, akaondoka. Gitaa kaliacha.

Jumatano, 16 Julai

Sijagusa lake wala langu. Nimeshona shati la mtu mikono yote miwili ya kushoto. Nimefumua.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepanda Mgeta na jipya, nimelifunga kwa khanga. Nilikuta anafunga mafungu ya karoti nje. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, kisha kabla sijakaa akauliza, "Hilo la dukani linasemaje?"

Nimesema yote. Mwenzangu asiyekuwepo, karatasi ya vipimo, pazia. Alilipokea, akaliinua jichoni kwa mazoea ingawa haoni vizuri, halafu akaipapasa shingo kwa kiganja. "Umechagua vizuri," akasema. Angenitukana ningepumua.

Nikamwambia libaki kwake, maana lile hawezi tena kulipiga. Akakataa. "Kitu cha mjomba kinashuka. Hakipandi." Lakini alipiga wimbo mmoja, wote, mwanzo hadi mwisho. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na upawa mkononi. Kisha mjomba akalifunga vizuri kwenye khanga, akanirudishia.

Nikaomba radhi. Akasema amenisamehe tangu siku ya chai. Halafu, akiwa amerudi kwenye karoti zake: "Ungesema tu hulitaki. Ningeliacha lilivyokuwa."

Nimeshuka nalo mapajani. Sikumbuki njia.

Jumapili, 3 Agosti

La dukani nimelitundika ukutani. Kila asubuhi, kabla ya cherehani, napiga lake. Kwa mkono wangu mwepesi halikwaruzi. Lina sauti nzuri, na uzuri wake unanichoma.

Leo nimempigia, nikaweka simu juu ya kiti, nikapiga mishiko yangu mitatu polepole. Nilipomaliza nikasikia kuku wa kwake.

Akasema nakawia kuhama kutoka mshiko wa pili kwenda wa tatu. Nirudie.

Nimerudia.