Mzigo Hautoki kwa Sauti Tu

Mama, binti yangu,

Ukirudi kutoka dukani, chakula kimo kwenye sufuria. ~~Saa moja jioni urudi ukafunge duka.~~ Lala, nitafunga duka mwenyewe.

Nisamehe kwa kukufokea asubuhi. Uliponipigia kuuliza, "Baba, kweli umesema dereva uliyemtuma apewe vitambaa vyote?" nilidhani unanitania. Kumbe matapeli walikupigia wakiiga sauti yangu kwa kompyuta, mpaka kikohozi! Ungewaamini, tungebaki na rafu tupu. Lakini ulikata simu yao, ukanitafuta kwenye namba yangu.

Nimekwenda polisi, kisha nitapita tawi letu la pili kuwaambia wauzaji wafanye kama wewe: mzigo hautoki kwa sauti tu, hata ikiwa yangu. Wanipigie kwanza. Nikifoka, waulize tena.

Najivunia wewe.

Baba yako, mkali wa bure