Elektroni za Polepole

Jumamosi, 5 Mei 2001
Chai, kufundisha darasa la saa mbili, foleni ya magari mtaa wa Khuwair. Zuwena, binti wa marehemu kaka yangu, kaniletea tasnifu yake niipitie. Jumamosi ijayo anaitetea. Anasema ile michirizi inayofyatuka kwenye viini vya galaksi imebeba protoni, si elektroni na positroni, pacha zao za chaji chanya, peke yake. Hesabu zote kazipitisha kwenye programu yangu ya zamani ya kompyuta. Nimevimba kichwa, nakiri.

Jumatatu, 7 Mei
Kuna kitu hakikai sawa. Nishati ya mchirizi imetoka ndogo mno. Nimerudia mara tatu. Ndogo vilevile.

Jumanne, 8 Mei
Lahaula! Programu inahesabu elektroni za kasi tu, zile ambazo mwanga wake tunauona. Za polepole hazionekani, nazo ndizo nyingi. Nilizikata mwenyewe miaka ile, kurahisisha kazi. Nikasahau kuzirudisha. Ukizirudisha, kila moja na protoni yake nzito, nishati inapita hata uwezo wa shimo jeusi lenyewe linaloufyatua mchirizi.
Basi protoni haziwezi kuwamo, na tasnifu nzima inaanguka. Kosa langu.

Alhamisi, 10 Mei
Mapumziko ya mwisho wa wiki. Sikutoka. Mtahini anayekuja kabobea katika jambo hilihili. Kosa ataliona tu. Naogopa, na si kwa ajili ya Zuwena peke yake. Naogopea jina langu.

Ijumaa, 11 Mei
Baada ya sala nikaenda kwao, mtaa wa Ansab. Wakaniandalia biriani. Nikamwambia, macho kwenye sahani.
Akajibu: "Nnajua, ami. Nimeliona tangu Ramadhani. Niliona haya kukwambia."
Haya! Miezi yote hiyo! Nikamfokea, eti mimi ndiye wa kufoka. Mtoto kaificha aibu yangu ndani ya kazi yake, kwa adabu tu. Nikamwahidi: kesho nitasimama, niseme mwenyewe mbele ya watahini.

Jumamosi, 12 Mei
Swali la tatu tu. Mtahini akauliza elektroni za polepole zimekwenda wapi.
Zuwena hakugeuka kunitazama. Akasema kosa ni lake.
Nilikuwa mstari wa pili. Sikusimama.
Wamempa miezi sita aandike upya. Kanirudisha nyumbani kwa gari lake. Njiani kanihadithia harusi ya binamu yake. Karibu na duka kauliza, "Utateremka ununue mkate, ami?" Nikasema ndiyo. Akanisubiri.