Lori Lililobebwa Mpaka Tororo

Dada Nekesa mpenzi,

Za huko Webuye? Mimi mzima, ingawa mvua ya Tororo imenilowesha mpaka soksi. Nimejipasha moto kwa atap, ugali wa wimbi wa huku, na samaki mkavu.

Leo kwenye mkutano wa madereva tuliahidiwa kuona lori la haidrojeni, lile ambalo serikali za pande zote mbili za mpaka zinaombwa zilichangie kwa kodi zetu. Likaja limepakiwa juu ya lori la dizeli! Eti gesi yake huku haijafika. Mwendesha baiskeli aliyenileta akacheka: "Mama, huku kwetu kwa mlima abiria anashuka anatembea. Hii tutabeba mpaka lini?"

Tulipoambiwa tuinue mikono kukubali mchango huo, nikaikunja yangu. Kesho wenye lori wanauliza tena, na nitaikunja tena. Hewa safi naitaka kuliko wao. Najua watoto wako wanavyokohoa kwa moshi wa malori yetu. Ndiyo maana sitaki kodi hiyo ichezewe.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Na mwenyekiti wetu wa madereva huko akiuliza, mwambie siku lori hilo litakapofika kwa magurudumu yake yenyewe, nitainua mikono yote miwili.

Mdogo wako,
Nafula