Nyumba ya Bi Icie na Kilicho Chini Yake

Ijumaa, 18 Aprili 2014

Ijumaa Kuu. Mke wangu Nedra kapanda viazi — kwenye shamba lisilo letu! Nikamwambia, mama, hata saini hatujatia. Kasema Ijumaa Kuu haingoji wakili, na viazi vya siku nyingine vinaoza. Mama yake alisema hivyo, na bibi yake. Nani abishane na wanawake watatu, wawili wakiwa kaburini?

Bi Icie Bragg alikuwa kibarazani anatucheka. Nyumba ni yake. Mjane, karibu miaka tisini, anauza ahamie kwa binti yake Ohio. Nikamuuliza, na vyura wa kijitoni unauza? Akasema, "Nauza vyote, Hobert, kutoka bomba la moshi mpaka kwa Shetani." Basi Shetani atakuwa mpangaji wangu.

Nyumba imeegemea upande mmoja, kama mimi. Maji ya kisima matamu. Miaka hamsini na mbili ya ndoa tumekaa nyumba za kampuni ya makaa, halafu nyumba ya trela kwenye kiwanja cha mtu. Huyo mtu katuandikia: tuondoke kabla ya Julai. Nedra anataka mahali pasipo na wa kumwambia hama. Hicho tu.

Jumanne, 22 Aprili

Wakili wetu ni binti Tolliver. Viatu vyekundu, ulimi kama wembe. Kashinda masijala ya kaunti, karudi na vumbi puani. Kasema mwaka 1911 babu wa marehemu Burl, mume wa Bi Icie, alimpa mwanawe mmoja ardhi ya juu. Ya chini — makaa, mafuta, gesi — akajiwekea. Akafa bila wosia. Watoto kumi na mmoja!

"Sasa mimi nanunua nini?"

"Nyasi, Mzee Hobert. Na nyumba iliyokalia nyasi."

"Na chini ni kwa nani?"

Hajui. Wajukuu wa wale kumi na mmoja wametapakaa. Wengine Detroit, mmoja gerezani, mmoja kawa mhubiri, ambaye ndiye atakuwa mgumu kuliko wote. Na yeyote mwenye chini anaruhusiwa kupita juu kufuata chake. Barabara, malori, mtambo wa kuchimba gesi.

"Hata bandani kwa kuku wangu?"

"Kadiri inavyohitajika kwa busara. Ndiyo sheria ya West Virginia."

Nikamwambia kuku wangu hawajawahi kusikia neno busara. Hakucheka. Amesomea mambo makubwa, huyu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempelekea Bi Icie habari. Kawaka! "Kodi ya ardhi nalipa miaka sitini! Nani mwingine analipa, mizimu?" Nikamuuliza, watu wa gesi hawakukuandikia? Akasema barua zilikuja, tena nyingi. Ila Burl alikataza kufungua bahasha yenye dirisha. Anayekuandikia kwa dirisha anataka kitu. Kwa hiyo amekuwa akiziwashia jiko. Miaka minne!

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Halafu nikakumbuka. Mimi za kwangu nawashia jiko vile vile. Mlima huu wote unapikia barua.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa tumepita kwa Coy Sizemore, ng'ambo ya kilima. Naye alikuwa na nyasi tu. Sasa mtambo uko nyuma ya jiko lake, unanguruma kama tumbo la shemasi. Maji yake ya bomba yananuka yai bovu. Anakunywa ya chupa.

"Watu wa gesi walikubishia hodi lakini?"

"Walibisha. Waliniletea na keki."

"Tamu?"

"Tamu sana, mjinga wewe."

Alimjazia Nedra glasi ya bombani aone. Ina mawingu. Njiani nikatoa mizaha mitatu. Yote ikaanguka barabarani. Nedra hakugeuza hata shingo.

Ijumaa, 9 Mei

Tolliver kampata mjukuu mmoja Arizona. Kauza fungu lake la chini kwa kampuni. Binamu yake kauza fungu hilo hilo kwa kampuni nyingine! Kesi ya miaka, kasema. Nitakuwa nimeshahamia chini mimi mwenyewe, niwaulize huko ni la nani.

Kasema, "Ungekuwa babu yangu ningekukataza kununua." Ningekuwa babu yako, nikamjibu, ungevaa viatu vyeusi. Safari hii kacheka, lakini macho hayakucheka.

Chakula cha mchana nikamweleza Nedra kuna vyumba vya wazee mjini. Vina joto. Vina lifti.

"Lifti ya kwenda wapi?"

Akaendelea kumenya viazi. Kisha, bila kuniangalia: "Nimehamishwa mara tisa, Hobert. Huyo wa kumi angalau atanikuta nimekaa kwenye kiti changu, mlangoni kwangu."

Jumatatu, 12 Mei

Niko chooni kwa wakili. Naandika hapa hapa, daftari gotini.

Wote wako mezani. Bi Icie na kofia ya kanisani, Nedra na gauni la bluu. Kwenye hati kuna mstari: mnunuzi anajua kilicho chini hakiuzwi, na mwenyewe hajulikani. Lazima niandike herufi za kwanza za jina langu kando yake. Nikaomba kwenda haja ndogo.

Dakika ishirini sasa. Haja iliisha zamani.

Bi Icie anauliza kama nimetumbukia. Tolliver anasema hakuna haraka. Hakuna haraka! Binti yake Bi Icie yuko nje na lori, injini inawaka.

Bila jina langu haiendi. Miaka hamsini na mbili sijawahi kuwa na neno la mwisho kwa Nedra. Leo ninalo, nimelikalia juu ya kifuniko cha choo. Nikisema hapana, ni vyumba vya wazee. Nikisema ndiyo, ni ile glasi ya Coy, mkononi mwa Nedra, siku yoyote.

Hodi. Ni yeye. Taratibu, si ile hodi yake ya kila siku.

"Mzee. Mimi nimeshaweka jina langu."

Kainama — nimesikia magoti yake yakilia — kapitisha kalamu chini ya mlango. Mimi naandika kwa penseli. Hii ni ya wino. Imeviringika mpaka kwenye kiatu changu, na yeye hajaondoka, naona kivuli cha miguu yake. Naweka penseli chini.