Nalia Kwenye Simu, Nacheka Mtaani

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na usinicheke, au cheka kwanza halafu unisaidie. Mimi ni fundi wa miguu ya bandia, nina miaka ishirini na tisa, kitinda mimba wa Mama, na hospitali yetu imenileta huku ugenini mwaka mmoja na nusu nijifunze kwa mafundi waliobobea, sasa niko mwezi wa tano. Wiki ya kwanza nililia kweli, Shangazi, chumba kilikuwa na kitanda na msumari mmoja ukutani, hata jiko sikujua linawashwaje, nikampigia Mama simu ya video tukalia wote wawili, naye akasema, "Afadhali unanikumbuka, mwanangu, nilidhani utanisahau," na maneno hayo ndiyo yaliyoniponza, kwa sababu ilipofika wiki ya tatu machozi yalikuwa yamekwisha.

Shangazi, huu mji umeniteka! Nimeijua njia ya mkato inayopita nyuma kwa mafundi viatu, muuza mkate ananiwekea ule ninaoupenda, ulioungua kidogo pembeni, bila kuniuliza, mama wa ghorofa ya chini ananifundisha lugha yao kwa kunigombeza ngazini, na juzi nilimjibu sentensi nzima akapiga makofi mpaka vitunguu vikamponyoka. Kazini ndiyo usiseme! Mwezi uliopita walinipa mguu niutengeneze mwenyewe, tangu kumwaga plasta mpaka kupiga msasa, na mwenye mguu, mzee mmoja dereva wa lori mstaafu, akauvaa, akatembea ukumbi mzima, akafika mwisho akageuka bila kushika ukuta. Nilipiga vigelegele hadi wenzangu wakazima mashine kuja kuona kuna nini.

Mama hajui hata moja kati ya hayo. Kila Jumapili mchana kabla ya kupiga simu nafunga dirisha, navaa sweta langu lililochanika kiwiko, nakaa kwenye kona yenye msumari, nalegeza sauti, Mama akiuliza, "Umekula?" nasema, "Hivyo hivyo tu," na huku sufuria iko motoni na nimealika watu. Naona nikimwonyesha furaha yangu ni kama namwambia simhitaji tena. Sasa Dada yangu mkubwa, kwa uchungu wa kumwona Mama halali, amemwandikia mkuu wa karakana: "Mdogo wetu anateseka, tunaomba mturudishie." Mkuu kanionea huruma, ameniita Jumatatu saa tatu, na nasikia ameshaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu. Nikikataa kurudi, nyumbani watajua nilikuwa naigiza. Nikikubali, safari hii nitalia kweli. Nifanye nini, Shangazi?

Mlia Jumapili

Mwanangu Mlia Jumapili,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Nimecheka, umeniruhusu mwenyewe. Halafu nikamfikiria mama yako, kicheko kikakatika. Miezi minne mama wa watu halali, anakuona umejikunyata chini ya msumari, kumbe sufuria inatokota! Kipaji unacho, ila umekipeleka kubaya. Na Dada usimnunie hata kidogo. Ameandika kile ulichomwonyesha.

Najua hukuwa na nia mbaya. Ulitaka Mama ajione bado ana kazi kwako, lakini kazi uliyompa ni ya kuhangaika. Furaha yako itamchoma kidogo siku ya kwanza, sikudanganyi. Atanuna. Mwache anune, ana haki yake.

Sasa nisikilize vizuri. Jumatatu usiingoje. Leo hii gonga mlango wa mkuu wako, mwambie uongo ulikuwa wako, Dada hana kosa, na unataka kumaliza miezi yako yote. Utaona aibu, na unastahili kuiona, lakini aibu haiui na nafasi kama hiyo huipati mara mbili. Ukitoka hapo piga simu nyumbani, Dada akiwepo. Omba radhi kwa maneno machache, na tafadhali usilie, machozi yako nani atayaamini tena? Usiseme ulikuwa unawalinda. Sema uliogopa. Mwambie Mama habari za yule mzee alivyogeuka bila kushika ukuta, mwambie kama ulivyoniambia mimi.

Akishamaliza kukugombeza, lete lile sweta, sindano na uzi, umwombe akuelekeze kulishona kiwiko. Hiyo ndiyo kazi ya kweli, na naona kwako imekushinda, fundi mzima.

Halafu fungua hilo dirisha. Igeuze simu itazame nje, ufunge mdomo, umwache Mama aangalie mtaa wako mpaka atosheke. Na mtu akikupungia mkono kule chini, Mama akiuliza ni nani, mwambie.