Neno Lililobaki Ndani ya Mzunguko

Nangara, Babati
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, hata lile mama aliloniomba nilinyamazie. Simu zetu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa jirani yetu anayekuja huko Arusha.

Unakumbuka programu yangu ya kwanza ya kompyuta, ile niliyoandika kwa lugha ya Java? Iliuliza, "Una ng'ombe wangapi?" Tukamwita baba aijaribu.

"Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu," alisema. "Andika: wapo."

Nikaandika "wapo". Kompyuta ikajibu, "Andika namba," ikarudia, ikarudia, hadi skrini ikajaa.

"Huyu mtu wenu mgomvi!" baba akasema. Ulicheka hadi ukakalia debe la mahindi.

Kisha ukanionyesha kosa langu. Mzunguko wenyewe ulikuwa sawa: mtu akikosea, aulizwe tena. Ila sikuandika mstari wa kuliondoa jibu lililokosewa. "Wapo" ilibaki palepale, na kompyuta ikawa inaisoma hiyohiyo. Uliniambia, "Litoe kwanza, mdogo wangu, ndipo uulize upya."

Kaka, siku uliyorudi ukiwa umeacha chuo, baba alikuuliza sababu mara moja tu. Ukamjibu, "Wewe ambaye hukusoma utaelewa nini?" Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Kesho yake ukaondoka. Tangu hapo, mama akitaja jina lako, baba husikia jibu lile tu, na hutoka nje. Mama hataki ujue kwamba yeye mwenyewe amekonda. Amekonda sana.

Mimi bado nafanya mazoezi kwenye kompyuta uliyoniachia. Jana baba alikuja akaketi karibu yangu.

"Fungua ile ya ng'ombe."

Nikafungua. Swali likatokea. Baba akasema taratibu, "Andika tisa. Yule wa kaka yako yumo. Amezaa."

Hakuwahi kutaja idadi mbele yetu, unajua. Niliandika. Kompyuta ikapokea, ikanyamaza. Baba akaitazama, halafu akaniuliza, "Nikimpigia, atapokea?"

Nilimwambia nitakuandikia nikuulize. Naamini neno lako lile amelitoa moyoni, kaka. Anataka kukuuliza upya, na safari hii atasubiri jibu.

Atakupigia Jumapili ijayo, baada ya misa. Nijibu kupitia kwa jirani huyuhuyu, anarudi Ijumaa: utapokea?

Mdogo wako