Kofia ya Nyayo za Kaa

Jumapili, 1 Septemba 2013

Toka mto Ruvuma mpaka Pemba yetu ya Msumbiji hakuna kijana mwenye mkono kama wangu. Sijisifu, nasema ukweli. Malaika wakitaka kofia watakuja kunigongea mlango mimi, Sefu. Leo tena, baada ya kufunga duka la mjomba, nimekaa barazani nikishona vitundu mpaka kidole kimevimba. Kofia ya tatu hii. Mbili za kwanza ziko mtandaoni, nilizipiga picha juu ya mto wa kulalia wa mama. Waliozipenda wengi. Waliozinunua, bado. Mjomba ananicheka, eti mtu aliyeishia sexta classe, darasa la sita, anauza kofia kwenye simu. Acha acheke. Watu wa gesi wamejaa Palma, na vichwa wanavyo.

Jumatano, 4 Septemba

Hakuna mnunuzi. Simu inakula saldo, salio langu lote, bure.

Nimeiona kofia ya dada Somoe sandukuni mwake. Anamshonea Bakari wa Kionga, mchumba wake, aivae siku ya nikahi. Kwetu bibi arusi huishona kwa mkono wake mwenyewe, mchoro autunge yeye, na haigusi kichwa kingine. Wakwe huikagua kitundu kwa kitundu. Mchoro wake ameuita nyayo za kaa. Vijistari vinapita vikikatana kama kaa amekimbia mchangani. Nzuri. Karibu nzuri kama zangu.

Nimeipiga picha, nimeiweka kwenye ukurasa. Picha tu. Picha haipunguzi kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Mteja! Mzungu wa kambi ya gesi. Kireno chake kibovu kuliko changu. Anataka ile ile ya nyayo za kaa, na Alhamisi anarudi kwao. Nimemjibu: hamna shida, chefe, bosi wangu. Nitashona pacha yake. Nimeshawahi kushona haraka kuliko hivyo.

Sijawahi.

Jumanne, 10 Septemba

Mistari inapinda. Kaa wangu wanatembea kama walevi. Nashona dukani chini ya meza, mjomba akiniita najichoma. Somoe kaniuliza, "We Sefu, unashona nini, mbona unaficha kama mwizi?" Nikamwambia zawadi yako ya harusi. Akacheka. Akachukua kitambaa kibovu akanionyesha namna ya kukaza uzi. 

Alhamisi, 12 Septemba

Nimempelekea mzungu kofia niliyoshona mimi. Kaitazama. Kaitazama picha. Katikisa kichwa. Gari linamngoja, dereva anapiga honi.

Nimekimbia nyumbani. Somoe alikuwa kisimani. Nikafungua sanduku.

Nimempa mzungu ile ya Somoe. Kaivaa palepale, imemkaa vizuri ajabu, tumepigwa picha mabega kwa mabega. Nimeiweka mtandaoni. Mteja wangu wa kwanza, dunia ione. Yangu nimeifua, nikaitia wanga, nikaiweka sandukuni mahali pa ile. Ikikunjwa haionekani mbaya.

Nimefanya nini.

Jumamosi, 14 Septemba

Mjinga mimi. Mdogo wake Bakari ameiona picha. Leo Bi Zainabu, mama yake Bakari, katoka Kionga kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Maji hakutaka. Kakaa ukingoni mwa kitanda kama anayeondoka. "Kofia ya mwanangu iko kichwani mwa mzungu? Basi na ndoa afungishwe mzungu." Mama akaanza kulia. Nikasema, "Shikamoo, bibi. Ile ni pacha, nimeshona mimi. Ya Bakari imo ndani." Shikamoo yangu hakuiitikia. "Ilete."

Somoe akaenda mwenyewe. Akakawia. Nilisikia kifuniko cha sanduku. Akatoka na ile yangu, kaishika kwa mikono miwili. Hakunitazama. "Hii hapa, mama. Nimeishona mimi."

Bi Zainabu akaigeuza nje ndani. Akaupitisha ukucha kwenye vitundu. "Mkono mzito, mwanangu. Mimi niliambiwa mengine." Akapanda pikipiki yake.

Ndoa ipo. Sikuweza kula.

Jumatatu, 16 Septemba

Somoe hasemi nami. Ananipakulia, anaweka sahani, anaondoka. Afadhali angenipiga. Nimemwandikia mzungu airudishe, nitampa zangu zote. Hajibu. Nimeifuta picha, kana kwamba inasaidia.

Nilidhani atashona nyingine usiku na mchana. Hawezi. Hii mbovu wakwe wameishaiona, na yeye ameapa ni yake. Akileta nzuri leo, atajulikana mwongo. Nimemfungia mlango pande zote.

Alhamisi, 19 Septemba

Kesho. Nyumba imejaa shangazi. Wanakuna nazi, wanacheka. Mimi nabeba maji. Kila anayeniita naruka.

Jumapili, 22 Septemba

Nikahi imepita juzi. Bakari aliivaa. Iliegemea sikio la kushoto, akawa anaisogeza, inarudi. Nilikuwa mlangoni kwa wanawake na sinia la pilau. Wanawake wa Kionga waliimba, halafu mmoja akauliza kwa sauti kama bibi arusi alishonea gizani. Wakacheka wote. Somoe akainamisha kichwa. Somoe, ambaye nusu ya Palma humletea kofia zao. Nikaweka sinia chini, nikatoka.

 Leo chumba cha Somoe kimefagiliwa, ameshahamia Kionga. Kuna mtu ameandika anataka kofia, sijamjibu.

Mzungu hakuniponza, wala picha. Nilipokuwa mlangoni nilijiambia nyamaza, ukisema ndoa itavunjika. Si kweli. Sikunyamaza kwa ajili ya ndoa. Nilinyamaza kwa sababu niliona haya watu wajue ule mkono mbaya ni wangu.